Rudi Gutendorf

Rudi Gutendorf (Koblenz, 30 Agosti 1926 – 13 Septemba 2019) alikuwa mchezaji na kocha wa mpira wa miguu kutoka nchini Ujerumani. Anatambuliwa na kitabu cha rekodi cha Guinness kama kocha aliyefundisha timu nyingi kuliko wengine: timu 55 katika nchi 32. Katika Afrika Mashariki alizifundisha timu za taifa za Tanzania na Rwanda.

Ujerumani

Alicheza katika klabu ya TuS Neuendorf ya mjini kwao, kisha akaanza ukocha nchini Uswisi mwaka 1955. Ligi kuu ya Ujerumani, Bundesliga, ilipoanzishwa mwaka 1963, aliichukua Meidericher SV (leo MSV Duisburg), timu ndogo ambayo wachache waliitegemea. Ilimaliza msimu huo wa kwanza katika nafasi ya pili nyuma ya Köln. Kwa namna timu yake ilivyofunga njia za kufika golini, alipewa jina la utani "Riegel-Rudi", yaani "Rudi wa komeo". Baadaye alizifundisha VfB Stuttgart, Schalke 04 na Hamburger SV. Schalke aliifikisha fainali ya Kombe la Ujerumani mwaka 1969, ikafungwa na Bayern München 2–1.

Nje ya Ujerumani

Alifundisha Chile, Bolivia, Botswana, Nepal, Fiji, Ghana, China na kwingineko. Safari nyingi kati ya hizo zilikuwa sehemu ya misaada ya Ujerumani katika michezo. Ndiyo maana nchi zisizo na fedha za kumlipa kocha wa kigeni ziliweza kumpata. Lakini mara nyingi hakumaliza hata miaka miwili mahali pamoja, hivyo rekodi yake ni ya kuhama zaidi kuliko ya vikombe.

Tanzania

Mwaka 1981 Australia ilishindwa kufuzu Kombe la Dunia chini yake baada ya kufungwa na New Zealand 2–0 mjini Sydney, naye akapoteza kazi. Mwaka huohuo alikuja kuifundisha Taifa Stars. Timu hiyo ilikuwa imetoka kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Lagos mwaka 1980, ilikopata sare moja na kufungwa mechi mbili. Nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni baada ya Vita vya Kagera. Gutendorf hakukaa sana, na Tanzania ilisubiri hadi mwaka 2019 kurudi katika mashindano hayo.

Rwanda

Mwaka 1999, akiwa amepita umri wa miaka 70, alipewa timu ya taifa ya Rwanda, Amavubi (maana yake "nyigu"). Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambamo watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa. Uwanja wa Amahoro mjini Kigali wenyewe ulikuwa kimbilio la maelfu ya watu chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa.

Serikali ilikuwa imeondoa kabila katika vitambulisho, lakini mchezaji alijua mwenzake ametoka familia gani. Kazi ya kocha ilikuwa kuwafanya Wahutu na Watutsi walale kambi moja, wale pamoja na kupeana pasi. Gutendorf aliihesabu kazi hiyo kuwa kubwa kuliko zote alizofanya, ingawa haikumletea kombe lolote. Rwanda ilifuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza kwa fainali za mwaka 2004, chini ya kocha mwingine, Ratomir Dujković.

Miaka ya mwisho

Kituo chake cha mwisho kilikuwa Samoa, mwaka 2003. Alitunukiwa nishani ya ustahili ya Ujerumani kwa kazi yake ng'ambo. Alifariki akiwa na umri wa miaka 93.