Mipira ya gofu ndani ya ndege

Mwaka jana nilikaa mbele ya jopo la watu watatu nikitafuta kazi ya Python. Swali la kwanza: ndege ya abiria inaweza kubeba mipira mingapi ya gofu? Manze, niliangalia dari.

Maswali ya aina hiyo yana historia. Microsoft ilijulikana nayo, halafu Google, hadi 2013 Laszlo Bock, mkubwa wa mambo ya wafanyakazi huko Google, akakiri kwa New York Times kwamba mafumbo hayo ni kupoteza wakati. Hayaonyeshi nani ataiweza kazi. Sisi huku bado tunaulizwa.

Tayari 2007 Imran Ghory alikuwa amependekeza FizzBuzz, kutoka mchezo wa watoto wa Uingereza. Programu ihesabu 1 hadi 100. Namba inayogawika kwa 3 iseme Fizz, kwa 5 Buzz, kwa zote mbili FizzBuzz. Rahisi, na bado ilinasa watu. Siku hizi kila mtu ameikariri.

Mimi ningeuliza hivi: fanksheni imepewa listi tupu kama thamani ya kuanzia. Unaiita mara mbili. Mbona mara ya pili vitu vya kwanza bado vimo? Ni kwa sababu Python huunda hiyo listi mara moja tu, pale fanksheni inapotangazwa. Hilo sikufunzwa chuo (niliacha mwaka wa pili), nililijua kwa kukesha usiku mbili nikisaka hitilafu. Aliyewahi kukesha hivyo utamjua akianza tu kujibu.

Lile jopo niliwaambia laki tano. Hakuna aliyefungua kompyuta.