Vakansi ya familia kupitia Bunagana: karatasi, mahali pa kulala na msongamano

Mwanzoni mwa Julai shule zinafunga, na katika nyumba nyingi za Goma, Rutshuru na Bunagana swali ni lile lile. Watoto wamefaulu, waliahidiwa kutembezwa, sasa waende wapi? Kwa familia za Bwisha jibu la kwanza liko karibu: kupita barieri ya Bunagana, kuingia Kisoro, na kama mfuko unaruhusu, kuendelea mpaka Bunyonyi au Entebbe. Safari hiyo inawezekana hata kwa familia isiyo tajiri. Lakini wengi hupoteza falanga zao kabla ya kufika, juu ya karatasi moja iliyokosekana au umri wa mtoto ambao hawakuuliza. Makala hii inaeleza mambo ya kupanga, moja baada ya lingine.

Bunagana ni wapi hasa

Bunagana ni mji mmoja wenye nchi mbili. Upande wa Kongo uko katika gurupema ya Jomba, sheferi ya Bwisha, teritware ya Rutshuru. Upande wa pili ni Bunagana ya Uganda, wilaya ya Kisoro. Watu wa pande zote wanasikilizana lugha, wanaoana na wanauziana viazi na maharagwe.

Mji huu pia umeonja vita mara nyingi. Waasi wa M23 waliushika Julai 2012, jeshi likaurudisha mwisho wa Oktoba 2013, halafu M23 wakaushika tena tarehe 13 Juni 2022. Mpaka umefungwa na kufunguliwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Mradi wa barabara ya Bunagana, Rutshuru mpaka Goma, kilomita 89, uliozinduliwa na marais wa Kongo na Uganda Juni 2021, ulikwama kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa mzazi anayepanga vakansi maana yake ni moja: usilipe kitu chochote kisichorudishwa kabla ya kuuliza watu waliovuka wiki ile ile. Habari ya mwezi uliopita haitoshi. Wanaojua ni madereva wa pikipiki, wamama wanaochuuza ng'ambo na wakubwa wa kanisa wenye waumini pande zote mbili.

Familia za Goma zina njia ya pili: kuvuka Gisenyi, kupita Musanze, kisha kuingia Uganda kwa mpaka wa Cyanika, karibu na Kisoro. Hapo unavuka mipaka miwili badala ya mmoja, na kila mmoja una maswali yake. Kumbuka pia kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Chakula cha watoto kifungwe kwenye kikapu au kitambaa.

Chagua mahali kulingana na umri wa watoto

Kosa la kwanza la familia nyingi ni kuwaahidi watoto wote sokwe. Sheria ni ile ile katika nchi tatu, Kongo, Rwanda na Uganda: mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kuangalia sokwe wa milimani. Sababu ni ugonjwa. Mafua na surua ya binadamu vinaweza kuua familia nzima ya sokwe, na watoto ndio wanaobeba magonjwa hayo mara nyingi. Hata mtu mzima anayekohoa anarudishwa mlangoni.

Bei nayo si mchezo. Kwa mgeni wa kutoka mbali, Rwanda inatoza dola 1,500 kwa mtu mmoja tangu 2017. Parke ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ilikuwa ikitoza dola 400 kabla ya vita kufunga utalii upande wa Jomba na Bukima. Uganda iko katikati, na ina bei ya chini zaidi kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo iliingia katika Jumuiya hiyo 2022, kwa hiyo uliza wazi ofisini: "Sisi ni raia wa Jumuiya, bei yetu ni gani?" Uliza kabla ya kutoa dola, si baada.

Kwa familia yenye watoto wadogo, kuna mahali pengine pazuri.

Mgahinga, karibu na mji wa Kisoro, ni parke ndogo kuliko zote za Uganda. Ni kama kilomita 34 za mraba tu, lakini inabeba milima mitatu: Muhabura, Gahinga na Sabyinyo. Zaidi ya sokwe kuna matembezi mengine. Uliza kila tembezi lina umri gani.

Ziwa Mutanda liko jirani na Kisoro, na milima ya volkano inaonekana vizuri kutoka huko. Familia inaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni.

Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, lina visiwa vingi na linajulikana kwa kutokuwa na mamba wala kiboko. Hapo watoto wanapata mtumbwi, ndege na historia pia: kwenye kisiwa cha Bwama palikuwa na kituo cha wagonjwa wa ukoma, na leo kuna shule.

Entebbe kuna kituo cha elimu ya wanyama kilichoanza 1952 kama nyumba ya wanyama yatima. Simba, vifaru, twiga na sokwemtu wanaonekana kwa miguu, katika siku moja, bila gari la kukodi na bila sharti la miaka 15. Kwa mtoto wa miaka sita, hapo ni bora kuliko msitu.

Bustani za michezo zenye mashine za kuzunguka ziko Kampala. Huko mtoto anapimwa urefu, si umri. Mtoto mfupi atakataliwa mashine kubwa hata kama umelipa mlangoni. Mpime nyumbani, umweleze mapema, na uulize kama tiketi ya mlango inabeba michezo yote au kila mchezo unalipiwa pekee.

Karatasi: anza wiki sita mbele

Kila mtu, hata mtoto wa mgongoni, awe na karatasi yake. Kuna karatasi zinazokufikisha Kisoro tu na kukurudisha jioni, na kuna pasipoti inayokufikisha Entebbe. Usichanganye. Anayekwenda mbali na karatasi ya jirani anaweza kusimamishwa njiani, kilomita mia nyingi kutoka nyumbani, watoto wakiwa garini. Kanuni za visa kati ya Kongo na Uganda zimebadilika tangu Kongo ijiunge na Jumuiya. Uliza DGM na wahamiaji wa Uganda kabla ya kufunga mizigo.

Karatasi ya pili ni kadi ya manjano, ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inaanza kuhesabiwa siku ya kumi baada ya sindano. Aliyechomwa Ijumaa hawezi kuvuka Jumatatu kwa haki. Habari nzuri ni kwamba tangu 2016 kadi hiyo inatumika maisha yote. Hata iliyoandikwa kwamba imekwisha baada ya miaka kumi bado ni nzuri.

Karatasi ya tatu mara nyingi inasahaulika. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi, mama mdogo au bibi, awe na barua ya ruhusa ya wazazi iliyotiwa mhuri na serikali ya mahali, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Askari wa mpaka hana njia nyingine ya kutofautisha shangazi na mwizi wa watoto, na eneo letu linajua wizi huo. Akikuuliza maswali mengi, usikasirike. Anamlinda mtoto wako.

Wakati gani kuna watu wengi

Vakansi kubwa ya Kongo inaangukia Julai na Agosti. Uganda mwaka wao wa shule unaanza karibu Februari na kumalizika karibu Desemba, kwa hiyo Julai watoto wao wako darasani. Hiyo ni bahati kwa familia ya Kongo: Jumamosi na Jumapili za Julai hazibanani kama zile za Desemba. Ila katikati ya wiki shule hupeleka madarasa Entebbe kwa mabasi. Fika mlangoni unapofunguliwa, utembee kabla ya mabasi, na saa za mchana wakati wa foleni mpumzike kivulini mkila.

Kwa sokwe ni kinyume. Juni mpaka Agosti ni kiangazi, wazungu wanakuja kwa wingi, na kila familia ya sokwe inapokea watu wanane tu kwa siku. Nafasi hizo huwekwa miezi mbele.

Siku za kukwepa ni tarehe 3 Juni, ambapo mahujaji wanajaa Namugongo na vyumba vya Kampala vinakwisha. Noeli na Mwaka Mpya, ambapo tiketi za basi za Kampala na Kisoro zinapanda. Na tarehe 9 Oktoba, uhuru wa Uganda. Bunagana yenyewe inabanana siku za soko na wakati magari makubwa yanapojipanga kusubiri ushuru. Mwenye watoto avuke mapema.

Na hapo kuna mtego wa saa. Uganda iko mbele ya Kivu kwa saa moja. Ikiwa saa moja asubuhi upande wa Kongo, ng'ambo ni saa mbili. Anayehesabu kwa saa ya Goma anafika basi limekwisha ondoka.

Mahali pa kulala

Kisoro ina hoteli, lojingi ndogo na nyumba za wageni za makanisa. Hoteli ya Travellers Rest ni ya tangu miaka ya 1950 na ilimpokea Dian Fossey, mtafiti wa sokwe. Familia yenye watoto wanne haihitaji historia. Inahitaji majibu ya maswali matano kabla ya kutuma avansi. Bei ni ya chumba au ya mtu? Watoto wangapi wanaruhusiwa chumba kimoja, na godoro la ziada ni bei gani? Chai ya asubuhi imo? Maji ya moto yapo jioni? Avansi inarudi kama mpaka ukifungwa?

Swali la mwisho ndilo kubwa kwa mtu wa Bunagana. Omba jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Kama hawataki kurudisha, toa usiku mmoja tu.

Kisoro na Kabale ni nchi za baridi. Mtoto wa Goma anajua baridi kidogo, lakini wa Bunia au Uvira atatetemeka. Beba sweta na blanketi moja la nyumbani.

Falanga, gari na maji

Noti ya dola iliyochanika au kuchakaa ni shida pande zote mbili. Uganda wanakataa pia noti za zamani, na noti ndogo wanazibadilisha kwa bei ya chini. Badilisha kidogo mpakani kwa ajili ya gari na chakula, kilichobaki badilisha mjini. Gawa falanga sehemu tatu: ya kwenda, ya kukaa, ya kurudi. Ya kurudi ikae kwa mtu mwingine, isiguswe hata watoto wakilia.

Kutoka Kisoro mpaka Kabale barabara ni ya lami lakini inapinda mlimani, hasa Kanaba. Watoto watatapika. Wale kidogo, wakae mbele, na mfuko uwe mkononi. Kabale mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 400. Usipange kufika Entebbe na kutembea siku hiyo hiyo.

Uganda magari yanapita kushoto. Mtoto wa Kongo amezoea kuangalia upande mwingine kabla ya kuvuka barabara. Mfundishe upya siku ya kwanza, pale pale Bunagana, na mshike mkono.

Kwenye mtumbwi, Mutanda au Bunyonyi, hakuna jileti hakuna safari. Jileti iwe ya kipimo cha mtoto; ya mtu mzima inamtoka kichwani. Watu wa Goma hawahitaji mahubiri juu ya hili. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli kutoka Minova ilizama mbele ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ukingoni.

Mtoto asipotee

Mwisho wa Machi 2022 maelfu ya watu wa Jomba na Bunagana walivuka mpaka huu wakikimbia, wakalala Nyakabande. Kwenye msongamano kama ule, hata wa sikukuu tu, mkono unaachia kwa sekunde moja.

Kila mtoto ajue kwa moyo jina kamili la mama, la baba, na la mtaa. "Mama" si jina la kutafutia mtu. Andika namba ya simu inayofanya kazi Uganda kwa kalamu ndani ya nguo yake. Kila mnapofika mahali, chagueni alama ya kukutania: mti, mlango, mnara. Mwambie akipotea asimame pale pale, asitafute. Wewe ndiye utamtafuta. Mkubwa mmoja ahesabu watoto kwa sauti kila mnapopanda na kushuka gari.

Usiku wa kuamkia safari, weka mezani pasipoti, kadi za manjano, barua ya ruhusa na falanga ya kurudi. Halafu piga simu moja kwa mtu aliye Bunagana, umuulize kama barieri iko wazi. Akisema bado, watoto wabaki nyumbani. Mutanda haihami.