Kora apanda Got Kwer

Kati ya Juni na Julai, Wayahudi husoma katika sinagogi fungu la Torati liitwalo Kora, kuanzia Hesabu 16 hadi 18. Jirani zetu wanaolisoma ni Abayudaya wa Mbale, Uganda, waliomfuata Semei Kakungulu katika dini hiyo mwaka 1919. Huku kwetu, tangu Wasabato wafungue misheni ya Gendia, Homa Bay, mwaka 1906, kuketi na Biblia kila juma kwa ajili ya lesoni si jambo geni. Kwa hiyo Kora tunamjua.

Tunachokisahau ni hoja yake. Kora hakuwa mhuni wa njiani. Alikuwa Mlawi, na nyuma yake walisimama wakuu 250. Alidai kwamba mkutano wote ni mtakatifu, basi mbona Musa na Haruni wajikweze? Ardhi ilimmeza, lakini vyetezo ambavyo wenzake walifukizia uvumba vilifuliwa vikawa mabamba ya kufunika madhabahu. Chombo cha mwasi kikabaki mahali patakatifu!

Hilo la vyetezo ndilo hunirudisha Migori. Mnamo 1962 na 1963, Wakatoliki wengi wa Nyanza waliwaacha mapadri wa shirika la Mill Hill wakamfuata Simeo Ondeto, ambaye wafuasi wake humwita Baba Messias. Kando yake alikuwa Gaudencia Aoko, mama kijana aliyefiwa na watoto, aliyezunguka akihubiri na kubatiza. Kanisa lao, Legio Maria, lilisajiliwa mwaka 1966. Makao yake yakawa Got Kwer, mlima wa huko Migori ambao jina lake kwa Kijaluo linagusa mwiko. Ondeto alizikwa huko mwaka 1991.

Waasi hao hawakutupa kitu. Walibeba rozari, makardinali, hata papa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa lugha za wenyeji na Wakatoliki wakaanza kusali Kijaluo, Legio waling'ang'ania misa ya Kilatini. Aliyeondoka nyumbani ndiye aliyetunza vyombo vya babu.

Hata ngazi waliibeba ilivyokuwa: upadri ukabaki wa wanaume. Aoko, aliyeivutia Legio maelfu ya watu, hakupata nafasi madhabahuni, na baadaye akatengana na Ondeto. Swali la Kora lilikuwa limepanda Got Kwer, na safari hii aliyekaa kiti cha Musa alikuwa Baba Messias.