Kijana wa Mbagala na Kunguru wa Lubumbashi

SEHEMU YA KWANZA

Machi 2011 Simba ya Dar es Salaam ilitua Lubumbashi, Katanga, na kazi ambayo hakuna aliyeionea wivu. Mwenyeji wao, TP Mazembe, alikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, 2009 na 2010. Miezi mitatu tu nyuma alikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu, akaifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali. Hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika huko kabla yake. Inter Milan ilimchapa 3-0 kwenye fainali hiyo, lakini dunia ilikuwa imeshamjua, hasa kipa wake Robert Kidiaba, yule aliyeshangilia mabao kwa kukaa chini na kurukaruka kwa makalio.

Simba, Wekundu wa Msimbazi, walikuwa wamefika hatua hiyo ya Ligi ya Mabingwa baada ya kuitoa Elan Club ya Komoro. Ukitoka Komoro ukaenda Katanga, umepanda ngazi kumi kwa mruko mmoja. Hata hivyo Simba wana ugonjwa wao mtamu unaoitwa 2003. Mwaka ule waliivua ubingwa Zamalek kwa penalti palepale Cairo, na tangu hapo shabiki wa Simba haogopi bingwa yeyote. Humwambii kitu.

Mshambuliaji mmoja wa kikosi kile alikuwa na miaka 18. Alikuwa mwembamba, mwenye hatua ndefu, na hakuwa na msimu hata mmoja kamili katika jezi nyekundu. Jina lake Mbwana Ally Samatta.

Turudi nyuma kidogo, maana watu wengi wanaianza simulizi hii Genk au Aston Villa, klabu alizozichezea baadaye Ulaya, na hapo wanakuwa wameshaukosa mzizi.

Mbagala ni kusini mwa Dar es Salaam, njia ya kwenda Kilwa na Mtwara. Aliyepanda daladala ya Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni hahitaji maelezo zaidi. Vijana wa huko wanajifunzia mpira mchangani, na mchanga ni mwalimu mkali. Mpira hautambai, unazama. Ukitaka kumpita mtu lazima uubetue kwanza, halafu ukimbie kwa nguvu za mapaja, kwa sababu ardhi inakuvuta nyuma kila hatua. Kwenye chandimu hakuna refa wa kukulinda na beki anayecheza pekupeku na hasira zake. Mshambuliaji aliyekulia hapo ana tabia mbili utakazomtambua nazo popote: anapiga mapema kabla hajafikiwa, na haanguki ovyo.

Samatta alizaliwa Desemba 1992. Nyumbani kwao mpira haukuwa kitu cha kuonea aibu. Baba yake, mzee Ally Samatta, aliucheza mwenyewe akiwa askari polisi. Nalisema hili kwa sababu katika nyumba nyingi za enzi zile kijana aliyeonekana na mpira saa ya masomo alikula bakora. Huyu alikuwa na mzee aliyejua mchezo una nini ndani yake.

Timu yake ya kwanza ya kueleweka ilikuwa Mbagala Market, ile iliyokuja kununuliwa na kubadilishwa jina ikawa African Lyon. Lyon haikuwa na mashabiki wa kujaza hata jukwaa moja. Ilikuwa timu ambayo Simba na Yanga wakicheza nayo, uwanja mzima unashangilia upande mmoja. Kwa mshambuliaji chipukizi hiyo si laana. Hapo unacheza kila wiki, unakosea bila magazeti kukuandika, na siku ukimfunga mkubwa, kesho yake mkubwa anakutafuta.

Mwaka 2010 mkubwa akamtafuta. Simba ikamchukua.

Hapa nitasema jambo ambalo ndugu zangu wa Msimbazi hawatalipenda. Simba haikumtengeneza Samatta. Alikaa hapo muda mfupi mno wa kutengenezwa na mtu. Ilichompa ni jukwaa, na jukwaa lenyewe lilikuja katika wiki mbili za Machi na Aprili 2011.

Wiki ya kwanza, Lubumbashi. Mazembe wakashinda 3-1. Siku chache baadaye Taifa Stars ikaikaribisha Jamhuri ya Afrika ya Kati Dar es Salaam kuwania tiketi ya AFCON. Stars ikashinda 2-1 na kijana akafunga. Kisha, mwanzoni mwa Aprili, Mazembe wakaja Uwanja wa Taifa kwa marudiano.

Uwanja ule ulikuwa bado mpya, una miaka minne tu, viti 60,000. Mabingwa wa Afrika walitegemea kupumua. Hawakupumua. Simba iliwafunga mabao mawili, na kwa vipindi virefu timu iliyotoka kucheza na Inter Milan ilikuwa inahangaika na vijana wa Ligi Kuu ya Bara. Lakini bingwa ni bingwa, ukimfunga mawili anakurudishia matatu. Mechi ikaisha 3-2, jumla 6-3. Simba nje.

Kwa kawaida simulizi ingeishia hapo, kama zilivyoishia nyingi za timu zetu: "tumetolewa kiume", tumpongeze kocha, tujipange kwa mwakani.

Safari hii haikuwa hivyo. Simba walipeleka malalamiko CAF. Walisema beki Janvier Besala Bokungu, aliyewachezea Mazembe, hakuwa huru kihalali kutoka klabu yake ya awali, Esperance ya Tunisia. Mashabiki wengine, hata wa Simba wenyewe, walicheka. Nani anamtoa Mazembe mezani? Bosi wa Mazembe alikuwa Moïse Katumbi, gavana wa Katanga, tajiri ambaye neno lake Lubumbashi lilikuwa nusu ya sheria.

Mei 2011 CAF ikatoa uamuzi. Mazembe wakaondolewa mashindanoni. Bingwa mtetezi akavuliwa taji bila kupigiwa mpira hata mmoja, na aliyemvua ni timu aliyoifunga nyumbani na ugenini.

Katumbi alikuwa na kila sababu ya kutotaka kulisikia tena jina la Msimbazi. Lakini Msimbazi kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mazembe walikiona katika zile dakika 180, na hawakuwa tayari kukiacha. Je, klabu iliyotoka kukushitaki inaweza kukuuzia mshambuliaji wake? Na mshambuliaji mwenyewe angekwenda kuishi vipi mjini ambako jina la timu yake lilikuwa tusi?

Itaendelea Jumamosi ijayo.

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Simba imeitoa TP Mazembe mezani, na Mazembe hao hao wanamtaka kijana wa Simba.

CAF iliamua Simba icheze na Wydad Casablanca mechi moja, uwanja usio wa mtu, mshindi aingie hatua ya makundi. Wakapelekwa Cairo, mji uleule wa kumbukumbu za 2003. Mwishoni mwa Mei Wydad wakashinda 3-0 na hadithi ikafa siku hiyohiyo. Wydad walikwenda hadi fainali ya mwaka ule.

Simba wakarudi nyumbani mikono mitupu, na katikati ya mwaka wakapungukiwa zaidi. Wachezaji wawili waliondoka kwenda Lubumbashi: kiungo Mganda Patrick Ochan, na Mbwana Samatta.

Mpira una kejeli zake. Kijana alihamia klabu kubwa kuliko zote Afrika kwa wakati ule, akakuta haina mechi ya Afrika ya kucheza mwaka huo, na kilichoinyima mechi hizo ni malalamiko ya klabu aliyotokea. Sijui msomaji wangu ungeingiaje kwenye chumba cha kubadilishia nguo siku ya kwanza. Mimi ningetafuta kona.

Lakini Lubumbashi ina faida ambayo mchezaji wa Kitanzania hawezi kuipata Tunis wala Johannesburg. Sokoni watu wanaongea Kiswahili. Ni Kiswahili cha Katanga, kina lafudhi yake na maneno yake, lakini ukiomba maji unapewa maji. Wachezaji wetu wengi waliotoka nje miaka ile walirudi haraka, na ukiwauliza, mguu haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa upweke, chakula na lugha. Samatta aliepushwa na nusu ya adhabu hiyo. Mwaka uleule akaja Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, naye mshambuliaji, na kijana akapata mtu wa kumwambia "kaka, leo mambo magumu" bila kutafuta maneno.

Na mambo yalikuwa magumu kweli. Mazembe walikuwa wamefungua uwanja wao mpya pale Kamalondo, wa nyasi bandia. Kwa mtoto wa mchangani hiyo ni dunia nyingine. Mpira unateleza badala ya kuzama. Pasi unayodhani itakufikia inakupita. Ukianguka, goti linachunika. Jua likiwaka, chembe za mpira mweusi zilizomwagwa chini ya nyasi zinachemka na kuingia kwenye njumu. Kila alichojifunza kuhusu mguso wa kwanza ilibidi akijifunze upya.

Kisha kulikuwa na wenye nyumba. Trésor Mputu, ambaye Wakongo wengi wa kizazi kile watakuapia kuwa hajatokea kama yeye. Wazambia nao, Rainford Kalaba na wenzake. Timu ilivaa nyeusi na nyeupe, ikiitwa Kunguru. Sisi wa Dar tunaomjua kunguru tunacheka, lakini kunguru wa Kamalondo hafukuzwi kwa jiwe. Mshambuliaji akikosa mawili hapo, jukwaa linamtaja mwenzake aliyekaa benchi.

Wengi wetu nyumbani tulitegemea mambo mawili: arudi Simba, au arukie Ulaya haraka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alibaki, na kwangu mimi uamuzi huo una uzito kuliko bao lake lolote. Alikula mkate wa Lubumbashi miaka minne na nusu.

Ubingwa wa Kongo ulikuja mapema, mwaka baada ya mwaka, 2011 hadi 2014. Huo kwa Mazembe ni kama mshahara, haushangiliwi sana. Kilichoshangiliwa kilikuwa Afrika, na Afrika ilikataa. Mwaka 2012 walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatoka sare ya 0-0 na Esperance nyumbani, kisha wakafungwa 1-0 Tunisia. Mwaka 2013 Orlando Pirates waliwatoa mapema, wakaangukia Kombe la Shirikisho, wakafika fainali. CS Sfaxien wakawafunga 2-0 kwao, na ushindi wa 2-1 Lubumbashi haukutosha. Mwaka 2014 ilikuwa chungu zaidi: nusu fainali, na aliyewatoa ni AS Vita, watani wao wa Kinshasa, 2-1 kwenda na 2-1 kurudi.

Miaka mitatu, mara tatu mlangoni. Samatta akatimiza miaka 22. Kwa mshambuliaji huo ni umri ambao mawakala wa Ulaya wanaanza kutazama saa.

Ndipo ukaja 2015, chini ya kocha Mfaransa Patrice Carteron. Hatua ya makundi, Mazembe waliipiga Moghreb Tetouan ya Morocco 5-0 na matatu yalikuwa ya Samatta. Nusu fainali, Al-Merrikh ya Sudan iliwashinda 2-1 kule Omdurman. Watu wakaanza kusema "yale yale". Marudiano Kamalondo yakaisha 3-0, mawili ya kijana wa Mbagala.

Fainali, USM Alger. Oktoba 31 mjini Algiers, Kalaba akatangulia kufunga. Kipindi cha pili Mazembe wakapata penalti, na aliyeuchukua mpira si mkongwe yeyote. Alikuwa Samatta. Alifunga. Waarabu wakarudisha moja mwishoni, 2-1.

Novemba 8, Lubumbashi. Saa nzima ikapita bila bao. USM Alger walihitaji mawili, na kila dakika iliyokwenda bila Mazembe kufunga ilikuwa inawapa pumzi. Ikibaki kama robo saa, filimbi: penalti tena. Mita 11, kipa mbele yake, na jukwaa lililokuwa limeshawaona Kunguru wakianguka mlangoni mara tatu. Mpigaji anayejulikana ana mzigo mara mbili, kwa sababu kipa ameshamsoma.

Samatta akafunga. Dakika za nyongeza Roger Assalé akaongeza la pili. Mazembe bingwa wa Afrika, na Samatta akamaliza mashindano na mabao saba, akilingana kileleni na Bakri Al-Madina wa Al-Merrikh.

Lakini bado hatujafika. Mabao hayo saba yalifungua mlango ambao hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyekuwa amewahi kuupita. CAF ilipochuja majina ya tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika, yalibaki matatu. Moja la Baghdad Bounedjah, Mualgeria wa Etoile du Sahel. Moja la Samatta. Na la tatu? La Robert Kidiaba, mzee wa kurukaruka, kipa wa Mazembe hao hao, mwenye mataji matatu ya Afrika na mji mzima nyuma yake.

Wachezaji wawili wa chumba kimoja, tuzo moja. Na wakati Januari 7, 2016 inasubiriwa Abuja, Ubelgiji kuna klabu iliyokuwa tayari na karatasi na kalamu.

Nani alirudi Lubumbashi na tuzo, na nani hakurudi kabisa? Itaendelea Jumamosi ijayo, usikose nakala yako.