Franco au Rochereau? Ubishi tulioubishania nusu

Kuna swali ukilitupa mahali walipokaa wazee waliokuwa vijana miaka ya sabini, hesabu kwamba chai itapoa na kazi hazitafanyika. Franco au Rochereau? Nani alikuwa mkali? Sisi tuna Ali Kiba na Diamond wetu, na tunadhani tumebuni kitu. Wapi! Ule wa wazee una zaidi ya miaka hamsini, wahusika wote wawili wameshazikwa, na bado watu wananuniana.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba huku kwetu tumeubishania nusu tu. Nusu ya pili ndiyo nzito zaidi, na ndiyo inayonigusa kama mtu anayeishi kwa kuandika habari.

Kwanza tujue walikotoka. Miaka ya 1950 Kinshasa, ambayo wakati huo iliitwa Léopoldville, ilikuwa na kambi mbili za muziki. Ya kwanza ni African Jazz, bendi aliyoianzisha Joseph Kabasele mwaka 1953. Kabasele alikuwa na shule kichwani, suti safi na sauti laini. Mwaka 1960 wanasiasa wa Kongo walipokwenda Brussels kudai uhuru, bendi yake nayo ikaenda, na huko ndiko ulikozaliwa wimbo wa Indépendance Cha Cha. Tabu Ley, ambaye ndiye Rochereau mwenyewe, aliingia African Jazz mwaka 1959. Kwa hiyo ni mtoto wa kambi ya wastaarabu.

Kambi ya pili ni ya François Luambo Makiadi. Huyu alizaliwa mwaka 1938 Sona-Bata. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli na alifariki Franco akiwa bado mdogo. Mama akabaki anauza maandazi sokoni ili watoto wale. Inasimuliwa kwamba kijana alikuwa anakaa kando ya meza ya mama yake na gitaa, anapiga, wateja wanasogea, maandazi yanaisha. Shuleni hakufika mbali. Mwaka 1953 alikuwa tayari anarekodi kwenye studio ya Loningisa, mali ya mfanyabiashara wa Kigiriki, na mwaka 1956 yeye na wenzake wakaanzisha OK Jazz. Kabla hujasema OK ni "oke" tunayoitumia kila siku, ni herufi za mwanzo za jina la Oscar Kashama, mwenye baa walikokuwa wanapiga.

Umeona sasa? Kabla hata nyuzi hazijaguswa, ubishi ulishakuwa wa aliyesoma na asiyesoma. Waliompenda Rochereau walisema muziki wa Franco ni wa vilabuni, mkavu, gitaa linajirudiarudia kama cherehani. Waliompenda Franco walijibu kwamba cherehani hiyo ndiyo inayowashonea nguo. Mwaka 1970 Rochereau akapanda jukwaa la Olympia, Paris, na washabiki wake wakaona mjadala umefungwa. Haukufungwa. Mwaka 1972 Sam Mangwana alipotoka kwa Rochereau akaenda kuimba kwa Franco, watu waliona usaliti wa hali ya juu. Wewe piga picha nyota wa Simba amevaa jezi ya Yanga, halafu anafunga.

Huku kwetu Dar tuliudaka ubishi huo kupitia redio na santuri, tukauchanganya na wetu wa Msondo na Sikinde, ukanoga. Lakini wengi wetu Kilingala hatukijui. Tulikuwa tunabishania sauti, sebene, upangaji wa matarumbeta. Tulimsikia Franco akiongea katikati ya wimbo kwa lile zito lake, tukasema "mzee anachana", tukaendelea kucheza. Alikuwa anachana nini? Kinshasa hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Juni 1966, miezi michache baada ya Mobutu kuchukua nchi, wanasiasa wanne, akiwemo waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba, walinyongwa hadharani Kinshasa mbele ya umati mkubwa. Franco akatoa wimbo wa Luvumbu Ndoki, unaomhusu mchawi anayewala watu wake, simulizi ya zamani ya Wakongo. Jina la Mobutu halimo. Lakini kila mtu alielewa, serikali ikiwemo. Santuri ikaondolewa sokoni, na Franco akavuka mto kwenda Brazzaville mpaka joto lishuke. Hakuna gazeti la Kinshasa ambalo lingeandika habari hiyo likabaki wazi.

Sasa ngoja. Huyohuyo Franco, miaka ya sabini, ndiye aliyezunguka nchi akiipigia debe siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye asili, ile iliyobadilisha majina ya watu na ya nchi yenyewe. Serikali ilipotwaa mali za wageni, kiwanda cha kuchapa santuri cha Mazadis kikawekwa mikononi mwake. Fikiria, mshindani wako ndiye anayeamua santuri yako ichapwe lini! Hapa washabiki wa Rochereau wana hoja, na sijawahi kusikia jibu lake la kuridhisha.

Halafu mwaka 1978 dola ile ile ikamtia ndani kwa nyimbo mbili, Hélène na Jackie, zilizoitwa za matusi. Kwa kweli zilikuwa chafu, tusidanganyane. Alipotoka akaendelea. Miaka michache baadaye akaimba Tailleur, kuhusu fundi wa nguo ambaye mwenye sindano ameichukua sindano yake. Kinshasa nzima ikasema anapigwa Kengo wa Dondo, mwanasheria mkuu aliyemfunga. Mwaka 1983 akatoa ile barua kwa mkurugenzi mkuu, akiwasema mabosi wanaokalia vyeo. Huyo mtu ana kiwanda cha rais, na bado anaichoma serikali ya rais. Au ndivyo walivyopatana, kwamba mawaziri chapa, ila mkuu usimguse? Mimi naamini hivyo. Nchi nyingi zina magazeti yanayoishi kwa mkataba huo huo, na sihitaji kwenda mbali kuyatafuta.

Mwaka 1984 ndipo deni lilipodaiwa lote. Ulifanyika uchaguzi wa mgombea mmoja, na Franco akatoa Candidat na biso Mobutu, wimbo mrefu wa kampeni. Matokeo rasmi yakasema Mobutu kapata zaidi ya asilimia 99. Watetezi wa Franco husema karibu wanamuziki wote wakubwa wa Zaire walimsifu Mobutu, Rochereau naye si malaika. Ni kweli. Lakini hakuna aliyekuwa anasikilizwa kama Franco. Sauti ile ile iliyonong'ona kuhusu mchawi mwaka 1966 sasa ilikuwa inamtafutia mchawi kura.

Mwaka uliofuata akatoa Mario, na nchi nzima ikamsamehe. Kijana msomi, ana vyeti, anatunzwa na mama mwenye pesa. Tanzania hatukuelewa maneno yote, ila hadithi tuliipata vizuri kiasi kwamba jina likawa neno: mpaka leo mwanamume anayelelewa na mwanamke ni marioo. Nitajieni wimbo wa Rochereau uliotupa neno la mtaani. Ana sauti ambayo Franco hakuwahi kuwa nayo, ana M'bilia Bel aliyemtoa yeye, lakini neno hana.

Franco alifariki Oktoba 1989 akiwa na miaka 51, na Mobutu akatangaza siku nne za maombolezo. Rochereau aliishi mpaka 2013, akaingia siasa baada ya Mobutu kuanguka, akawa naibu gavana wa Kinshasa. Na wakati mashabiki wao walikuwa hawaongei, wenyewe walikuwa marafiki kiasi cha kuingia studio pamoja mwaka 1983 na kumwimbia Kabasele, aliyekuwa amefariki mwaka huo.

Najua mtauliza kambi yangu. Kwa sauti, Rochereau, wala sibishi. Kwa kuniambia jinsi mji unavyoishi, nani anakula na nani analala njaa, Franco, na hakuna anayemkaribia. Ule wa 1984 nao una gitaa tamu sana. Siku ukianza kupigwa nikiwa na wazee, huwa naomba wauruke, wananicheka, wanaongeza sauti.