Pengo la Mishahara Tanzania: Kutoka Hamsini kwa Moja

Ngazi ya mishahara ambayo Tanganyika iliirithi mwaka 1961 haikutungwa kwa kipimo cha nchi maskini. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilikuwa imependekeza kanuni ya tatu kwa tano, yaani Mwafrika mwenye sifa sawa na za Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa mwenzake. Na baada ya Tume ya Lidbury, mwaka 1954, kuikataa mizani hiyo ya rangi, Mwafrika aliyepanda cheo alianza kukikaribia kiwango kilichopangwa kwa ajili ya afisa wa Kizungu, huku tarishi na mfagizi wakibaki walipokuwa. Haki iliyofuta pengo la rangi ndiyo iliyolipanua pengo la vyeo miongoni mwa Waafrika wenyewe.

Suala hilo lilipamba moto Oktoba 1966, pale wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana Dar es Salaam wakipinga Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo kwa muda wa utumishi wao lingewaachia asilimia 40 tu ya mshahara. Rais Nyerere aliwarudisha makwao na kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari iliyofuata Azimio la Arusha likaweka miiko ya uongozi, iliyomkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa au kupangisha nyumba. Katika tathmini yake ya mwaka 1977 Nyerere alieleza kwamba uwiano kati ya mshahara wa juu kabisa na wa chini kabisa serikalini, baada ya kodi, ulikuwa umeshuka kutoka 50 kwa 1 hadi takriban 9 kwa 1.

Mafanikio hayo hayapaswi kubezwa, ingawa uwiano wa mishahara hauhesabu nyumba ya serikali, gari na dereva wake, wala haumgusi mkulima, ambaye hakuwahi kuwamo katika ngazi hiyo.

Mwaka 1991 Chama cha Mapinduzi, katika kikao cha Zanzibar, kililegeza miiko, na mashirika mengi yakabinafsishwa. Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba mtendaji wa shirika la umma asilipwe zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi, benki binafsi, migodi na kampuni za simu zilikuwa nje kabisa ya mipaka ya agizo hilo.