Kwaya ya Kamina na Misa ya Kiluba

Kamina ni mji wa Kongo uliokuzwa na reli. Njia ya kutoka migodi ya Katanga hadi Ilebo, iliyokamilika mwaka 1928, inapita hapo, na mwaka 1956 ikaongezeka ile ya kwenda Kabalo. Reli ilileta wafanyakazi kutoka pande nyingi, hasa Kasai, na baada ya Vita Kuu ya Pili Wabelgiji wakajenga kambi kubwa ya kijeshi karibu na mji. Kila kundi lilikuja na nyimbo zake za harusi, za matanga na za kuagana.

Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo Septemba 1953. Muda si mrefu akaunda kwaya ya wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15 wa shule ya Kamina. Kwaya ilipewa jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati huo: Les Troubadours du Roi Baudouin.

Kazi yao kubwa ni Missa Luba. Maneno yake ni ya Kilatini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa lugha ya misa wakati ule. Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukufungua mlango wa lugha nyingine hadi Desemba 1963. Lakini muziki ulizaliwa midomoni mwa waimbaji. Haukuandikwa kwa noti: walijaribu, wakarekebishana, wakashika kilichofaa. Katika Kyrie sauti ya juu ya mwalimu Joachim Ngoi inatangulia na kwaya inapokea, kwa mtindo wa kasala, utungo wa maombolezo wa Ngandajika, huko Kasai. Sanctus inafuata wimbo wa kuagana, kisha Hosanna inachangamka kwa mapigo ya ngoma ya Kasai. Agnus Dei imetokana na wimbo wa watu wa Bena Lulua. Mwombolezaji wa Kasai angeutambua mwendo wa Kyrie bila kujua neno hata moja la Kilatini. Misa hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Mtakatifu Bavo mjini Kamina.

Mwaka huohuo kwaya ilisafiri Ulaya. Iliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, ikashirikiana na kwaya ya wavulana ya Vienna, na ikapanda jukwaani kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Katika maonyesho hayo Wakongo wengine waliwekwa ndani ya kijiji cha kuigiza. Baadhi ya wageni waliwatupia ndizi, nao wakachoka na dharau hiyo wakarudi kwao kabla ya maonyesho kufungwa. Watoto wa Kamina walipokewa kama wasanii, na tofauti hiyo haipaswi kusahauliwa inaposimuliwa ziara yao.

Kampuni ya Philips ilirekodi misa hiyo mwaka 1958, pamoja na nyimbo za asili kama Banaha, wimbo wa askari ambao kwaya nyingi za Ulaya zinauimba hadi leo. Gloria ilisikika katika filamu ya Pier Paolo Pasolini juu ya Injili ya Mathayo (1964). Sanctus ikasambaa zaidi kupitia filamu if.... ya Lindsay Anderson (1968), iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Jina lililotangazwa kama mtunzi lilikuwa la Haazen. Mchango wake kama mwanzilishi na mwongozaji ni mkubwa, lakini haki inadai walimu na wavulana watajwe pia kuwa watunzi, maana sauti zilitoka kwao.

Kwa kuwa misa ilitungwa papo kwa papo, noti zilizochapishwa baadaye haziwezi kunasa kila kitu, na kila kwaya huijaza kwa namna yake. Mwaka 1990 Philips ilitoa rekodi mpya, safari hii ikiimbwa na Muungano National Choir ya Nairobi chini ya Boniface Mganga.